Merikani, Huru na Mwungwana

Wakazi wa Jangwani na Kariakoo wanaozijua nguo za kale wakisema merikani, humaanisha kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Jina la taifa lile liliingia pwani kwa jora, wala si kwa kitabu. Merikebu za Salem zilikileta kitambaa hicho Unguja, hasa baada ya mapatano ya mwaka 1833 na Sayyid Said, kikawa kama fedha katika njia za bara, kikinunua pembe na hata watu. Pamba yake ilivunwa na watumwa wa majimbo ya Kusini.

Basi mfasiri wa historia ya Marekani hukuta maneno ambayo tayari yana historia yake hapa. Mathalani, huandikwa kwamba Lincoln aliwakomboa watumwa. Kukomboa, kwa asili, ni kutoa mali ili kurudisha kilichowekwa rehani au kilichotekwa. Neno hilo laielekea sheria ya mji wa Washington ya Aprili 1862, ambapo serikali iliwalipa mabwana, na amri ya Unguja ya 1897, iliyowawekea mabwana fidia. Tangazo la Januari 1863 halikumlipa bwana yeyote. Hapo yafaa kusema aliwatangaza kuwa huru. James Mbotela, katika kitabu chake cha 1934, alichagua Uhuru wa Watumwa, na alichagua vema.

Lakini uhuru nao una mtego. Tangu harakati za TANU, na hasa tangu 1961, neno hilo limekuwa la taifa, hata barabara ya Kichwele ikaitwa Uhuru. Msomaji akikuta uhuru wa 1776 na uhuru wa 1863 bila maelezo, hatajua kwamba ule wa kwanza uliwaacha watumwa utumwani.

Tatizo kubwa zaidi ni “Ujenzi Mpya”, jina wapewalo miaka ya 1865 hadi 1877. Mwanafunzi huwaza madaraja na reli. Kiswahili cha zamani kilijua tofauti iliyogombaniwa wakati ule: mtumwa aliyeachwa alikuwa huru, lakini hakuwa mwungwana, kwa kuwa uungwana ulikuwa wa kuzaliwa. Badiliko la 13 la katiba, mwaka 1865, liliwafanya watu huru. La 14, mwaka 1868, likawapa uraia kwa kuzaliwa, yaani lilitaka kuwafanya waungwana. La 15, mwaka 1870, likakataza kumnyima mtu kura kwa rangi yake. Jina lisiloonyesha hayo ni jina pungufu, ijapokuwa limekwisha kuzoeleka.

Baya kuliko yote ni kumwita kibarua yule mkulima wa Kusini aliyegawana mavuno na mwenye shamba. Kibarua, kama wale wabebao magunia sokoni Kariakoo, hupokea ujira wake akaenda zake. Yule alifungwa na deni mwaka hata mwaka. Aliye karibu naye zaidi ni mtu wa Unguja baada ya 1897, aliyebaki katika shamba la mikarafuu akitoa kazi apate mahali pa kulima. Huyo pia Kiswahili hakijampa jina lililotulia.