Mizani 96,000

Mwanafunzi mmoja wa Handeni aliniletea ubeti wa kwanza aliotunga maishani mwake. Darasa lilikuwa limepewa kazi ya kutunga utenzi juu ya bomba kuu la maji, HTM, lile linalochota maji ya mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi Handeni. Aliandika hivi:

Handeni jua ni kali,
na maji yatoka mbali,
twangoja kwa kila hali
mpaka ndoo zimejaa.

Nikamwambia ausome huku akihesabu vidole. Vipande vitatu vya kwanza vilitua kwenye kidole cha nane. Cha nne kikapitiliza: m-pa-ka-ndo-o-zi-me-ja-a, 9. Akakaa kimya, akauimba chinichini, kisha akafuta "zimejaa" na kuandika "zajaa". Ubeti ukakaa.

Kila nikimsoma Shaaban Robert, akili yangu huenda hapo, kwenye silabi ile moja. Sisi wa mkoa wa Tanga tumelelewa tukimjua kama mzee wa hekima, mzaliwa wa Vibambani, aliyezikwa Machui mwaka 1962. Mtihani huuliza dhamira na maadili. Mkono wa fundi hauulizwi, nami naona tunamdhulumu. Utenzi wake wa Vita vya Uhuru, unaosimulia vita vya 1939 hadi 1945, una beti 3,000. Kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani 8. Piga hesabu: mizani 96,000, na kina cha mwisho kinarudi mara 3,000. Hayo aliyafanya akiwa karani wa serikali, mtu ambaye mchana wake ulikuwa wa mwajiri.

Inawezekanaje? Jibu limo katika mkia wa kitenzi. Chukua kina cha -a inayosimama peke yake kama silabi, mfano wa kile cha mwanafunzi wangu. "Soma" haifai, lakini "somea" inafaa. "Andika" inakuwa "andikia", "leta" inakuwa "letea". Kauli ya kutendea peke yake ni ghala la vina lisilokwisha. Anayetaka -wa ana kauli ya kutendwa, na anayetaka -na ana kutendana. Ndiyo maana mtunzi wa Kiswahili anaweza kwenda beti elfu bila kukaukiwa, ilhali mwenzake wa Kiingereza huanza kuhangaika mapema, kwa kuwa maneno yake mengi huishia kwenye konsonanti na mikia haifanani.

Tena, kina kikikaa kwenye kitenzi, tendo hutua mwisho wa ubeti. Vipande vitatu vya juu hukusanya watu, mahali na hali, vikifanana vina, na sikio linangoja. Cha nne kinafungua. Kwa habari za vita mpangilio huo ni mali, kwa sababu kila ubeti unamalizika na jambo limetendeka.

Ugumu ni majina. "Ujerumani" ina silabi 5, kwa hiyo kipande kimebakiwa na 3 tu. "Uingereza" vilevile. "Marekani" inakula nusu nzima. Jina la mgeni lenye konsonanti zilizobanana lazima lifunguliwe kwanza: Hitler akikaribishwa kwenye utenzi anakuwa Hi-ti-la. Hapo ndipo inkisari na mazida zinapofanya kazi, moja ikikata neno na nyingine ikilirefusha, na sarufi ikiborongwa kidogo inapobidi. Vitabu vyetu huziita ruhusa za mshairi. Mimi naziona kama randa na msasa.

Langston Hughes, mshairi Mweusi wa Marekani, alikuwa na tatizo jingine. Kiingereza hakikumpa mikia ya kutosha, akaenda kuchukua umbo lililokuwa tayari midomoni mwa watu wake, bluzi. Mstari wa kwanza unaimbwa, unarudiwa, kisha wa tatu unajibu kwa kina kilekile. Kurudia kunampa mwimbaji nafasi ya kutafuta jibu, na msikilizaji nafasi ya kulitamani. Kitabu chake The Weary Blues kilitoka mwaka 1926, mwaka ambao Shaaban alianza ukarani wa forodha. Hughes alifariki Mei 1967, na mwaka huohuo Utenzi wa Vita vya Uhuru ukachapishwa, Shaaban akiwa kaburini miaka mitano. Sina ushahidi kwamba waliwahi kusomana. Lakini wote wawili walichukua umbo lililozoeleka masikioni mwa watu wao, wakalibebesha mambo ya zama zao.

Turudi kwenye Kiswahili: ghala la kutendea lina hatari yake. Mtunzi mvivu hutupa -ia na -ea popote, wakafanyiwa watu wasiokuwepo. Kipimo changu ni chepesi: kitenzi kikiwa na mkia wa kutendea, nani anatendewa? Asipoonekana, kina kimebandikwa.

Wiki iliyofuata yule mwanafunzi alirudi na beti 12. Katika ubeti wa saba aliandika "tukayachotea", ikaishia hapo.

"Mnamchotea nani?" nikamuuliza.

Alifikiri kidogo. "Bibi, mwalimu. Hawezi kubeba ndoo."

Akarudi kwenye dawati kumtafutia bibi yake nafasi ndani ya silabi 8.