Sikio la Fundi

Gerezani, Dar es Salaam, yupo mzee anayewalazimisha watu wazima kulia kama magari yao. Meneja mwenye tai anafika na kusema gari "lina shida mbele." Mzee hagusi boneti. "Bosi, igiza." Meneja anatazama huku na huku, analegeza tai, kisha anatoa: "Ka-ka-ka-ka!" Vijana wa gereji wanageukia ukutani kuficha vicheko. Mzee hacheki. "Ukikata kona, au hata ukienda moja kwa moja?" Ukikata kona. "Basi ni jointi ya nje. Acha ufunguo, panda daladala."

Nyuma yake mama mmoja akapiga "kwiii" ya asubuhi tu, inayonyamaza injini ikishapata moto: mkanda wa feni. Mwingine akanguruma "vuuuu" inayozidi kadiri mwendo unavyoongezeka: beringi ya tairi. Kila mteja aliondoka na aibu kidogo, lakini kwa mara ya kwanza alikuwa amelijua gari lake.

Ila ninachokipenda zaidi ni bisibisi yake ndefu yenye mpini wa mbao uliolainishwa na viganja. Huweka ncha kwenye alternata, mpini sikioni, akafumba macho kama mkunga anayesikiliza tumbo. Injini nzima inapiga makelele, lakini chuma kinampelekea zaidi sauti ya pale ncha ilipogusa. Anahamia pampu ya maji. Anahamia kava ya valvu. Akiwa bado na wasiwasi, anafungua mkanda na kuwasha gari kwa muda mfupi tu. Kelele ikitoweka, mkosaji ni mmoja wa wale wanaozungushwa na mkanda. Ikibaki, atafutwe ndani ya injini. Wakati wote huo hasemi neno, na ole wake kijana atakayepiga soga. Spana hutoka baadaye, na mara nyingi hutoka moja tu.

Masikio ya namna hii yalinolewa na shida. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni ziliadimika nchini, na spea zikazifuata huko zilikokwenda. Fundi aliyekosea kutambua ugonjwa hakuwa na spea nyingine ya kujaribia. Gasketi ilikatwa kwa mkono kutoka kwenye boksi gumu, tundu la tangi likazibwa kwa sabuni ya mche, nafasi ya platini ikapimwa kwa kipande cha kiberiti. Na magari yalitembea. Hata kule Kenya, Joginder Singh alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika na wengine.

Leo kijana anachomeka kimashine chini ya usukani na kutangaza: P0300. Maana yake injini inamisi. Kimashine hakisemi kama kosa ni la plagi, koili, nozeli, au mpira uliopasuka unaovuta hewa. Kupambanua hayo ni kazi ya fundi, lakini kijana hana subira, basi tunanunua vyote vinne. Gari likiendelea kumisi, anajikuna kichwa: "Bosi, hapa labda tubadilishe injini."

Lakini tusimtwishe kijana mzigo wote. Sisi wenye magari tumekuwa wepesi wa kutosikia. Tunaagiza magari yaliyotumika Japani, na kila asubuhi dashibodi inatusalimu kwa Kijapani. Huenda inatuonya, huenda inatusengenya. Sisi tunaitikia kwa kufunga mlango. Taa ya injini ikiwaka tunaibandika plasta. Beringi ikianza kulia tunaongeza sauti ya redio, na muziki ukiisha tunamlaumu fundi. Madereva wa malori ya zamani walibadili gia kwa kusikia injini ilivyolemewa mlimani, macho yao yakiwa barabarani. Siku hizi mtu husikia honi yake mwenyewe tu, tena huipiga kabla taa haijawa ya kijani.

Mzee wa Gerezani hana mrithi. Vijana wanakuja, wanajifunza kufungua na kufunga, kisha wanaondoka kabla hawajajifunza kunyamaza. Siichukii mashine, magari ya leo yana mambo ambayo bisibisi haiwezi kuyafikia. Ila mashine inataja dalili, na mwenye kujua ugonjwa ni fundi. Vyuo vyetu vya ufundi viwaite wazee hawa, viwape viti na wanafunzi, viwalipe kama walimu. Vifanye hivyo upesi, wazee wakiwa bado wanasikia.