Meza Hukaguliwa Uvunguni

Fundi akimaliza meza na kuitoa nje uione, mkono wake hukimbilia juu. Atapapasa ubao, atasifia vanishi, atagonga ili usikie mninga unavyoitika. Mwache amalize. Kama meza hiyo inakwenda kwenye bustani ya mji, ufukweni au uwanja wa shule, na mtu wa kitimwendo anatazamiwa kula hapo, mambo ya kukagua yako chini. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na hapa methali ichukuliwe neno kwa neno: piga goti, toa futi kamba.

Anza na nafasi ya magoti. Viwango vya Marekani vya mwaka 2010, vilivyotokana na sheria yao ya watu wenye ulemavu ya 1990, ni pazuri pa kuanzia. Vinataka uso wa meza uwe kati ya sentimita 71 na 86 kutoka chini, na uvungu wenye kimo kisichopungua 68.5 na upana wa 76. Sasa pima meza ya kawaida ya seremala wetu. Kimo ni 75. Ondoa unene wa ubao, 3. Ondoa fremu ya mbao inayozunguka chini ya ubao, 10. Uvungu uliobaki ni sentimita 62. Kwa macho meza haina kasoro, lakini magoti yatagonga fremu na mgeni atakula sahani ikiwa mbali na kifua chake.

Hapo ndipo fundi hodari anapojitenga na fundi mvivu. Mvivu huinua meza yote hadi 85, watoto wakabaki na videvu mezani. Hodari huiacha kwenye 75 zake, akairudisha fremu ndani hadi sentimita 48 kutoka ukingoni, au akaweka bapa la chuma badala ya ubao mpana. Uvungu unafika 72, na magoti yanapata pa kupita.

Ukiwa bado umeinama, pitisha kiganja chini ya ubao taratibu. Ncha za bolti zilizotokeza, misumari, kibanzi ambacho hakikuonja msasa: vyote hivyo ni hatari kuliko vinavyoonekana. Wengi walioumia uti wa mgongo hawana hisia miguuni. Bolti inaweza kuchana paja nao wasijue mpaka waone damu, na kidonda cha namna hiyo hukawia kupona. Kwa sababu hiyohiyo siipendi meza ya bati au chuma kitupu mahali pasipo na kivuli. Jua la saa saba huipasha mpaka chini, na goti lisilo na hisia halitasema limeungua.

Halafu uliza mgeni huyu atakaa wapi. Meza nyingi za bustani zinazouzwa kama rafiki kwa watu wenye ulemavu ni zile za kawaida, zenye mabenchi yaliyoungwa pande mbili, ila ubao umerefushwa upande mmoja. Kitimwendo huingia pale mwishoni. Inafaa, lakini tazama kama miguu ya meza iliyokaa mshazari haikatishi nafasi ya miguu ya mtu, kisha egemea ule mwisho kwa uzito wako wote. Meza ikiyumba, irudishe. Ninayoipenda zaidi ni meza ambayo benchi lake limekatizwa katikati, ili mtu wa kitimwendo akae kati ya shangazi na binamu zake, chapati zikipita mkono kwa mkono na kumfikia. Meza za zege za duara zenye vigoda vilivyochimbiwa zinaweza kufanya hivyohivyo kwa kuacha kigoda kimoja. Ukikosa kusema mapema, fundi atapanga vyote vinne. Meza ya plastiki ya mama ntilie hunyumbulika na kuteleza, sitaisifia, lakini kiti chake huondolewa kwa mkono mmoja na nafasi ikapatikana.

Vipimo vya Marekani vinatenga eneo la sentimita 76 kwa 122 kwa kila kitimwendo. Eneo hilo linatosha kiti cha hospitali. Huku kwetu kuna vile vya magurudumu matatu vya barabara mbovu, vya aina iliyobuniwa na shirika la Motivation la Uingereza, ambavyo gurudumu la mbele limetangulia mbele ya miguu ya mwenyewe. Gurudumu hilo lisigonge nguzo ya katikati ya meza. Kuna pia baiskeli za kuendesha kwa mikono, zenye pedali mbele ya kifua. Hizo haziingii uvunguni hata kidogo, husimama ubavuni mwa meza. Zitengee sehemu ya sakafu ubavuni, urefu wa mita mbili.

Sakafu yenyewe iwe ngumu na tambarare, na njia ya kuifikia vilevile. Meza nzuri iliyozungukwa na kokoto ni pambo. Pima maji iwekwe kila upande: mwinuko usizidi sentimita 2 kwa mita, ambao unatosha kuondoa maji ya mvua bila kitimwendo kuteleza chenyewe. Ili kugeuka, mduara wa mita moja na nusu.

Mabenchi ni rahisi zaidi. Kimo cha 43 hadi 48, egemeo, na pa kushika ili mzee ainuke bila kuvutwa. Upande mmoja uachwe wazi kwa anayejihamisha kutoka kitimwendo. Pembeni ibaki sakafu ya kutosha kitimwendo kupangwa sambamba na benchi, bega kwa bega na anayezungumza naye. Baraza za Mji Mkongwe na Lamu zina uzuri huo wa kukaa bega kwa bega, ingawa nyingi ziko juu mno na uchochoro wake hauna pa kuegesha chochote.

Kuhusu malighafi: pwani, chuma kilichopakwa rangi tu kitalika kwa chumvi, hivyo dai kilichochovywa kwenye zinki baada ya kuchomelewa, na bolti za chuma cha pua. Mvule na mtiki huvumilia mvua na mchwa. Paini iliyotiwa dawa ni nafuu na si mbaya, ila tazama ncha zilizokatwa: ukiona weupe, msumeno umefika pasipofikiwa na dawa, na ncha hizo zipakwe upya.

Katiba ya Kenya, ibara ya 54, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 zinawapa watu wenye ulemavu haki ya kufika mahali pa umma, lakini katiba haimwambii seremala fremu ikae wapi. Kwa hiyo mkataba uandikwe kwa sentimita. Na kabla ya kumalizia salio, alika watu wawili watatu waje na vitimwendo vyao wenyewe, wakae, wale, wageuke. Fundi awepo, na msumeno wake.