Fundi Anayejua Kungoja

Kinu cha posho husaga mahindi kwa nyundo za chuma, na mahindi nayo, msimu baada ya msimu, hulipiza kisasi kwa kuzila nyundo hizo pembe. Soko la Magwagwa, Nyamira, lina mzee wa jua kali anayezirudishia pembe zake. Hukwangua kutu, huwasha mashine ya kuchomelea, kisha hulaza mstari mmoja wa chuma kilichoyeyuka. Hugonga gamba, hupiga brashi ya waya, hutazama rangi, ndipo alaze wa pili juu yake. Maji hayagusi kamwe, kwa kuwa chuma kikipozwa ghafla huweza kupasuka. Nyundo hufukiwa jivuni zipoe polepole, naye hushika kazi nyingine. Mwisho huzipeleka kwenye mzani wa mama wa nyanya. Zinazokabiliana zikitofautiana uzito, kinu kitatetemeka na beringi zitakufa mapema. Basi ile nzito huilamba kwa tupa kidogo kidogo hadi mzani unyamaze.

Ng'ambo, wataalamu hujenga vipuri kwa leza na unga wa metali, tabaka juu ya tabaka. Wameigusa hata tungsteni, isiyoyeyuka hadi nyuzi 3,422 za Selsiasi, wakati chuma huyeyuka kwenye 1,538. Moto si shida yao tena. Shida ni kupoa. Tungsteni iliyopoa haikubali kupindika, na oksijeni kidogo tu ikijificha kati ya chembe zake, nyufa hutambaa kila upande. Basi wenye leza hupasha moto sahani ya chini kabla ya kuanza, ili joto lisikimbie. Mzee wetu, kwa jivu lake, angewaelewa upesi.

Abagusii waliyeyusha mawe ya chuma wenyewe zamani, na mhunzi alikuwa tajiri mwenye sauti. Reli ikafika Kisumu mwaka 1901, majembe ya kiwandani yakaja nyuma yake, tukaacha.

Sasa tunaacha tena. Wenye vinu hununua nyundo mpya za bei ya chini, laini kama sabuni, na kuzitupa zikiisha. Unga wenye vumbi la chuma tunaula bila kuuliza.

Chuo chochote cha ufundi Nyamira kinachotaka mwalimu wa kuchomelea kimwite mzee huyu sasa. Hana mwanafunzi hata mmoja.