Juu ya kifo katika michezo ya mezani

Kuna mchezo unaochezwa na watu wachache wakizunguka meza. Kila mmoja anajitwalia mtu wa kubuni, askari ao mwizi ao mchawi, anasema maneno yake na kutenda matendo yake. Mmoja tu, mwongozi, anaeleza nchi, adui na hatari. Jambo likiwa na mashaka, wanatupa dadu. Dungeons & Dragons, mchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson.

Tunataka kupima jambo moja: mtu wa mchezo akifa, afe ginsi gani? Jambo si dogo. Mchezaji amemlea mtu wake pengine miaka miwili. Dadu moja inamwondoa, na mwenyewe anabaki kitini mikono mitupu, wenzake wakiendelea.

Tuanze na Tomb of Horrors, kazi ya Gygax, iliyochezwa katika mashindano mwaka 1975, ikachapwa 1978. Ukutani mna uso wa shetani, kinywa wazi, ndani giza tupu. Anayeingia humo anaangamia palepale, pasipo kutupa dadu. Wengi wameilaumu kazi hii. Sisi tunagawanya hukumu. Katika mashindano watu walipewa mashujaa tayari, wa siku moja tu. Kifo kilikuwa kipimo cha akili, na kipimo ni haki. Lakini ukiipeleka nyumbani, kwa watu waliozoeana na mashujaa wao siku nyingi, umewadanganya: walikuja kutafuta hadithi, umewategea mtego.

Paranoia, ya mwaka 1984, inashika njia nyingine. Kila mchezaji ana miili sita inayofanana. Mmoja ukifa, mwingine unaletwa. Kifo kinakuwa kicheko. Hatulaumu, kwani kicheko hicho kinasuta mashine inayotawala watu na kuwaua ovyo. Hapo hakuna anayepashwa kulia.

Kanuni za Dungeons & Dragons za mwaka 2014 zinatafuta njia ya katikati. Aliyeanguka anatupa dadu ya pande 20 kila zamu yake. Akipata 10 ao zaidi ni heri. Heri tatu, hali yake inatulia. Akikosa mara tatu, amekufa. Hili tunalisifu: meza yote inanyamaza, na rafiki wana nafasi ya kumkimbilia. Lakini kanuni zilezile zinaruhusu kumfufua mtu kwa almasi yenye bei ya vipande 500 vya zahabu. Mashujaa wakitajirika, kifo kinageuka deni la kulipa. Maskini anazikwa, tajiri anaamka. Basi ujasiri uko wapi?

Kazi iliyotugusa zaidi ni Ten Candles ya Stephen Dewey, ya mwaka 2015. Mishumaa 10 inawashwa, nayo inazimika mmoja mmoja. Wa mwisho ukizimika, wote waliobaki wanakufa. Tangu mwanzo kila mchezaji anajua hivyo. Kabla ya hadithi wananasa sauti za watu wao wakiaga, na mwishoni, gizani, wanazisikiliza. Hakuna aliyedanganywa. Hawaulizi tena «tutapona?», wanauliza «tutakufa kama watu gani?»

Lakini kosa kubwa kuliko yote halimo kitabuni. Mwongozi anatupa dadu kwa siri, anaona kifo, anasema uongo kwa huruma. Mtu atasema: ni upendo. Tunajibu: hapana. Siku wachezaji watakapogundua, hata ushindi wao wa zamani utaoza mikononi mwao, kwani hawatajua tena upi ulikuwa wa kweli. Asiyetaka kifo mezani pake aseme wazi mbele ya mchezo, hakuna haya.

Basi tunashauri mambo matatu. Kwanza, watu wapatane mapema kama kifo kipo, na cha namna gani. Pili, dadu ya kifo itupwe mbele ya macho ya wote. Tatu, mtu akifa, hadithi isimame kidogo: aseme neno lake la mwisho, wenzake wamzike, na mchezaji apewe upesi mtu mwingine wa kushika. Aliyekufa ni wa kubuni. Aliyeketi kitini ni ndugu yetu, tusimsahau.