Kamanda Asiyeweza Kujibu: Usimulizi wa Abner Doubleday kuhusu Ngome ya Sumter

Katika kumbukumbu za vita, msimulizi huwa shahidi na hakimu kwa pamoja. Hali hiyo inadhihirika katika Reminiscences of Forts Sumter and Moultrie in 1860-'61, kitabu cha Abner Doubleday kilichochapishwa mwaka 1876. Doubleday, kapteni wa kikosi cha mizinga, alikuwa chini ya Meja Robert Anderson katika ngome ya Sumter, bandarini Charleston, iliposhambuliwa tarehe 12 Aprili 1861, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vikaanza.

Kuhusu nafsi yake, msimulizi hajitukuzi kupita kiasi. Ndiye aliyelenga mzinga wa kwanza wa kuwajibu washambulizi, na anaeleza wazi kwamba kombora lake lilidunda juu ya paa la adui bila kudhuru chochote. Ukweli wa namna hii humfanya msomaji amwamini, na imani hiyo ndiyo yenye hatari.

Hatari inajitokeza anapomhukumu Anderson, mzaliwa wa Kentucky, jimbo lililoruhusu utumwa. Hamshutumu kwa woga. Anadai kwamba alitaka kuuokoa Muungano na utumwa pamoja nao. Shutuma hii ni nzito, na yumkini ina ukweli. Hata hivyo, matendo yanayosimuliwa hayaiungi mkono kikamilifu. Anderson ndiye aliyewahamisha askari wake kwa siri kutoka Moultrie hadi Sumter usiku wa tarehe 26 Desemba 1860. Ndiye aliyewazuia wasiitumie mizinga ya juu, iliyokuwa wazi kwa adui. Ngome ilipigwa kwa takriban saa 34, na hakuna askari wake aliyeuawa na makombora hayo. Je, huo ni ulegevu wa mpenda utumwa, au ni busara ya mlezi wa askari wachache? Anderson hakuweza kujibu: alifariki mwaka 1871.

Tusomapo Utenzi wa Al-Akida, unaomhusu kamanda wa Fort Jesus iliyopigwa mizinga na Waingereza mwaka 1875, hatusiti kuuliza mshairi yuko upande gani. Msimulizi anaposema "mimi nilikuwapo", swali hilo husahaulika upesi. Mhakiki hana budi kuliuliza hapo pia, na kutenganisha tendo lililoshuhudiwa na nia iliyokisiwa.