Kuni Chache za Mbanikaji

Ukitaka kumjua fundi wa kubanika samaki, usiutazame moshi wake. Tazama kuni zilizombakia kazi ikiisha. Ustadi wake wote umo katika kuchomeka kuni chache. Kando ya Ziwa Victoria jambo hili lina uzito wa pekee. Dagaa huanikwa mchangani, na jua likamaliza kazi. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, ana mafuta mengi mno. Jua peke yake halimwezi. Ndipo moto ukahitajika, na kwa kuwa moto hula miti, ufukweni pakaanza kuonekana visiki.

Wengi hudhani moshi ni kama chumvi, kwamba ukiongeza kuni utaongeza ladha. Sivyo. Harufu ile tamu hutoka kwenye mti uliopata joto na hewa ya kutosha. Moshi wake ni mwepesi, wa buluu hafifu, pengine huuoni kabisa isipokuwa kwa kuutazama dhidi ya kivuli. Shindilia kuni, hewa ikakosa njia, na papo hapo moshi hugeuka mzito, mweupe, umejaa lami na masizi. Pitisha kidole juu ya ngozi ya samaki wa moto wa namna hiyo: inanata, na kidole kinarudi cheusi. Wa moto uliopumua ni mkavu, rangi ya kahawia inayong'aa. Uchungu ulimini si hasara pekee. Moshi wa moto uliokosa hewa hubeba pia benzopirini, sumu inayosababisha saratani. Umoja wa Ulaya, kwa nyama na samaki wa moshi, ulishusha kiwango chake cha juu kinachoruhusiwa kutoka mikrogramu 5 kwa kilo hadi 2 kuanzia Septemba 2014.

Atakuja mtu aseme kwamba moshi mwingi ndio unaomfanya samaki asioze. Hoja hii ina chembe ya ukweli, kwa kuwa moshi huzuia mafuta ya juu kuchacha. Lakini kinachomdumisha samaki hasa ni kupotelewa na maji, tena chumvi ikisaidia, na maji hutolewa na joto. Moto uliosongwa na kuni una joto haba, kwa hiyo aliyechoma zaidi amekausha kidogo. Kuni mbichi ni balaa zaidi: sehemu ya joto huishia kuchemsha maji ya mti badala ya kumkausha samaki.

Hoja ya mnunuzi ni ngumu kuliko hiyo. Wapo wanaotaka samaki mweusi, na muuzaji hawezi kugombana na mfuko wa mteja. Na kuchomeka kijiti kimoja kimoja kunataka mtu asibanduke motoni, wakati mwenye kazi ana watoto na soko vinamngoja. Hapo tanuri bora husaidia. Lile la Chorkor, lenye jina la kitongoji cha wavuvi cha Accra, Ghana, lina kuta zinazotunza joto na vichanja vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, hivyo moshi uleule hupita kwa samaki wengi kabla ya kutoka. Kuni hupungua sana. Ila tanuri hilohilo, likishindiliwa magogo hadi mdomoni, hutoa samaki mchungu sawasawa na pipa lililokatwa la kubanikia.